Umaskini unapungua au pengo linaongezeka? Yote mawili, na sababu ni hii

Swali la msomaji: "Mtaalamu naomba unieleweshe. Leo nasoma ripoti inasema umaskini duniani umepungua sana, kesho nakutana na nyingine inasema pengo kati ya matajiri na maskini linazidi kukua. Nani anatudanganya hapa? Halafu, hivi tajiri anakuwa tajiri kwa sababu kuna mwingine amenyang'anywa? Na la mwisho, pesa za mabilionea wote zikichukuliwa tukagawana sawa dunia nzima, umaskini si utakuwa umeisha?"

Ndugu yangu, asante kwa maswali, na umeyapanga vizuri kuliko wengi wanaobishana kuhusu hii ishu. Nianze na hilo la kudanganywa. Hakuna anayekudanganya, ila kila mmoja ana rula yake na hakwambii ni rula gani kashika.

Twende na hesabu ndogo tu. Kuna mtu anaingiza dola 1,000 kwa mwaka na mwingine anaingiza 50,000. Kipato cha huyu wa kwanza kinakua asilimia 6 kila mwaka, na hiyo ni spidi kubwa, nchi nyingi zinaitamani na haziipati, huku cha wa pili kinakua asilimia 2 tu. Mwaka ukiisha wa kwanza kaongeza dola 60, wa pili kaongeza dola 1,000. Sasa pengo limepungua au limeongezeka? Ukigawanya limepungua, lilikuwa mara 50 sasa ni mara 48 na kidogo. Ukitoa limeongezeka, lilikuwa dola 49,000 sasa ni 49,940. Na ukiendelea kupiga hesabu inakuja kitu kinachokera zaidi, kwamba huyu maskini itabidi akimbie kwa spidi hiyohiyo bila kuanguka hata mwaka mmoja kwa miaka kama 73 ndipo pengo la dola lianze kupungua, na miaka kama 102 ndipo walingane. Kwa hiyo wawili wanaweza kutazama takwimu zilezile, mmoja akaandika habari njema na mwingine akaandika msiba, na wote wako sahihi kabisa.

Hapo bado hatujagusa kwamba umaskini na pengo ni vitu viwili tofauti. Umaskini unapimwa kwa mstari: uko chini yake au juu yake, basi. Mstari wa Benki ya Dunia wa umaskini uliokithiri ulipandishwa Juni 2025 kutoka dola 2.15 mpaka dola 3 kwa mtu kwa siku, na hizo si dola za kubadilisha pale benki, ni dola zilizorekebishwa kwa bei za kila nchi ili dola 3 zinunue vitu vinavyofanana popote ulipo. Kwa mstari huo mpya, mwaka 1990 watu zaidi ya bilioni 2 walikuwa chini yake, mwaka 2022 walikuwa kama milioni 838, na katikati hapo watu duniani wameongezeka kutoka bilioni 5.3 mpaka bilioni 8. Hayo ni mafanikio makubwa sana, mi huwa sipendi watu wanaoyabeza eti kwa sababu bado kuna shida. Ila jua pia kwamba kipande kikubwa cha hiyo stori ni China peke yake, ambayo tangu mageuzi ya 1978 imetoa watu karibu milioni 800 kwenye umaskini uliokithiri, kwa mstari wa zamani. Ukiiweka China pembeni grafu inapoa sana, na Afrika kusini mwa Sahara idadi ya maskini imeongezeka badala ya kupungua, kwa hiyo siku hizi karibu theluthi mbili ya maskini wa hali hiyo wote duniani wako huko.

Kingine, mtu anayeishi kwa dola 3 na senti chache kwa siku yuko juu ya mstari. Kwenye ripoti ameshatoka. Ukimuuliza yeye, sidhani kama kagundua.

Sasa pengo lenyewe. Pengo lina sura zaidi ya moja na hapa ndo watu wanapotezana. Kuna pengo kati ya nchi na nchi, na kuna pengo ndani ya nchi moja, na kwa miaka ya karibuni haya mawili yamekuwa yakienda pande tofauti. Ripoti ya dunia ya kukosekana kwa usawa ya 2022, ile ya wachumi kina Lucas Chancel na Thomas Piketty, inasema wastani wa kipato cha nchi tajiri zaidi ulikuwa kama mara 50 ya nchi maskini na katika miaka 20 hivi ukashuka mpaka chini kidogo ya mara 40, sababu kubwa China na India zimepanda. Lakini ndani ya nchi, ukilinganisha asilimia 10 ya juu na nusu ya chini, tofauti imetoka mara 8.5 ikaenda mara 15 kwa kipindi hichohicho. Yaani nchi zinakaribiana, raia wanaachana.

Kuna grafu moja maarufu ya wachumi Christoph Lakner na Branko Milanović inayoonyesha kipato kilivyokua duniani kati ya 1988 na 2008, wanaiita grafu ya tembo kwa sababu ya umbo lake. Watu wa katikati ya dunia, wengi wao Waasia, walipanda sana. Asilimia moja ya juu kabisa nayo ikapanda sana. Katikati hapo kuna bonde, na waliomo kwenye hilo bonde wengi ni wafanyakazi wa kawaida wa nchi tajiri, ambao kwa miaka 20 kipato chao karibu hakikusogea. Mi naona ukishaielewa grafu hiyo unaelewa nusu ya siasa za Ulaya na Marekani za miaka kumi iliyopita, hasira zile hazikutoka hewani, ingawa wanasiasa wengi wamezielekeza kwa wahamiaji wakati ncha ya kulia ya grafu, ile ya asilimia moja ya juu, inaonyesha hela ilienda wapi.

Lakini kitu ambacho ningependa ukishike kuliko vyote ni hiki: karibu mjadala wote unahusu kipato, na pengo kubwa haliko kwenye kipato, liko kwenye umiliki. Kipato ni kile kinachoingia mwezi huu. Mali ni kile unachomiliki ukitoa madeni, ardhi, nyumba, hisa, biashara, akiba. Ripoti hiyohiyo inaonyesha asilimia 10 ya juu duniani wanachukua asilimia 52 ya kipato chote na nusu ya chini wanapata asilimia 8.5. Ni mbaya, sawa. Njoo kwenye mali sasa: asilimia 10 ya juu wana asilimia 76 na nusu ya chini ya watu wazima wote duniani, mabilioni ya watu, wana asilimia 2. Kwa wastani ni kama dola 4,100 kwa kila mmoja wa hiyo nusu ya chini dhidi ya dola 771,300 kwa kila mmoja wa kundi la juu, na huo ni wastani tu, wengi wa chini hawana kitu kabisa au wana deni.

Na mali ina tabia ambayo mshahara hauna. Mshahara ukiacha kazi unakata. Mali inafanya kazi umelala, hisa zinaleta gawio, nyumba inaleta kodi ya pango, na usipokula yote kinachobaki kinanunua mali nyingine ambayo nayo inazaa. Piketty ndo alisisitiza sana hili, kwamba asilimia ya faida inayotokana na mali kila mwaka ikiwa kubwa kuliko asilimia ambayo uchumi wenyewe unakua, basi walioanza nayo wanazidi kujitenga hata wasipofanya lolote la ajabu. Wachumi wamebishana naye kwenye mambo mengi na baadhi ya hoja zao ni nzito, ila huo mkondo wa msingi sijaona aliyeufuta.

Mfano wa Sweden huwa unawashangaza watu. Kila mtu anaitaja kama nchi ya usawa, na kwa kipato ni kweli, iko kwenye kundi la nchi zenye usawa zaidi. (Kipimo kinachotumika hapo ni kile cha Corrado Gini, Mtaliano, wa tangu 1912, ambacho 0 maana yake wote mko sawa na 1 maana yake mmoja kabeba vyote, Afrika Kusini kwa takwimu za 2014 ilikuwa kama 0.63 ambayo ilikuwa ya juu kabisa kati ya nchi zenye takwimu, Slovakia iko kama 0.24.) Ila ukija kwenye mali Sweden inageuka kabisa, umiliki umekusanyika kwa familia chache sana, na wakafuta kodi ya urithi 2004 na kodi ya utajiri 2007. Yaani serikali inasawazisha vipato vizuri tu, shule na hospitali ziko kwa wote, lakini nani anamiliki nchi, hilo ni jambo lingine. Kwa hiyo mtu akikwambia nchi fulani ina usawa, muulize usawa wa nini.

Janga la korona lilitupa hii picha peupe. Mwaka 2020 watu kama milioni 70 waliongezeka kwenye umaskini uliokithiri, ongezeko ambalo halijaonekana kwa miongo mingi, na mwaka huohuo utajiri wa mabilionea ukaruka juu. Watu wanadhani kulikuwa na njama. Utaratibu wenyewe ni wa kawaida na wala haukufichwa: benki kuu za nchi kubwa zilishusha riba karibu na sifuri na kununua hati za serikali kwa wingi ili uchumi usianguke, riba ikiwa chini hisa na majumba yanapanda bei, na wenye hisa na majumba ni nani? Aliyekuwa anategemea kibarua cha kila siku kibarua kilifungwa. Uamuzi mmoja, pengine ulikuwa sahihi kwa wakati ule, ila faida yake ilimfikia mtu kulingana na alichokuwa nacho kabla.

Twende swali la pili, kama tajiri ni tajiri kwa sababu mwingine kanyang'anywa. Hapa nitakujibu ndiyo na hapana na usinione nakwepa.

Ndiyo, kwa sababu kuna utajiri ambao risiti yake ipo. Haiti walipigana wakajikomboa kutoka utumwa na kutangaza uhuru 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ikapeleka meli za kivita na kudai faranga milioni 150 kuwafidia waliokuwa mabwana, yaani watumwa walipishwa thamani ya miili yao wenyewe, na Haiti ikalazimika kukopa benki za Ufaransa ili ianze kuilipa Ufaransa. Baadaye, 1838, deni lilipunguzwa likawa milioni 90, lakini mikopo iliyotokana nalo ilimalizika kulipwa 1947. Zaidi ya miaka 120 hiyo. Mtu akiuliza kwa nini Haiti ni maskini halafu akaanza kuzungumzia uvivu wa watu mi huwa namwacha aongee peke yake.

Hapana, kwa sababu utajiri wa dunia si kitu chenye ukubwa uleule siku zote ambacho mwingine akila zaidi wewe unakosa. Korea Kusini baada ya vita ya 1950 mpaka 1953 ilikuwa kati ya nchi maskini sana duniani, haikuwa na koloni, yenyewe ndo ilikuwa koloni la Japani. Walichofanya mapema, na watu wanakisahau wakikimbilia kusifia viwanda, ni kugawa ardhi. Kabla hata ya viwanda walimwekea mmiliki kikomo cha kama hekta 3, ziada ikaenda kwa waliokuwa wakilima kwa kukodi. Taiwan nao waligawa, Japani nao baada ya vita. Sidai kwamba ardhi peke yake iliwatajirisha, elimu na mauzo ya nje vilikuwa na nafasi kubwa, ila walianza mbio wakiwa wamesimama karibu na mstari mmoja na hiyo ilisaidia sana isije ikawa familia ishirini tu ndo zinapanda.

Kati ya hizo ndiyo na hapana kuna vitu vinavyoendelea leo bila meli za kivita. Nchi inayouza malighafi na kununua bidhaa za kiwandani huwa inajikuta kwa muda mrefu inabidi iuze zaidi na zaidi ili inunue kilekile, wachumi Raúl Prebisch na Hans Singer walilisema hilo mwaka 1950, na hata kama bei za madini zinapandaga ghafla miaka mingine, tatizo halijaondoka. Halafu kuna madeni: kwa hesabu ya shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024, watu bilioni 3.3 wanaishi kwenye nchi ambazo zinalipa riba ya madeni kuliko zinavyotumia kwenye afya au kuliko kwenye elimu. Riba tu hiyo, deni lenyewe bado lipo. Na nchi maskini inakopeshwa kwa riba kubwa kuliko tajiri kwa sababu inahesabiwa kuwa hatari, na kwa kuwa inalipa riba kubwa inazidi kuwa hatari, sasa hapo unatokaje.

Nikuongezee moja ambalo hukuuliza. Milanović alipiga hesabu ya kitu gani kinaamua kipato cha mtu duniani na akakuta zaidi ya nusu ya tofauti inaelezwa na nchi unayoishi tu, kabla hujaangalia bidii yako, akili yako wala shule uliyosoma. Dereva wa basi Norway na dereva wa basi Chad wanafanya kazi ileile na pengine wa Chad barabara yake ndo ngumu zaidi. Kwa mtu mmoja mmoja, njia ya haraka kuliko zote ya kupanda kipato ni kuvuka mpaka, na mpaka ndo kitu kinacholindwa kuliko vyote. Mwaka 2023 waliovuka walituma nyumbani, kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, kama dola bilioni 656. Misaada rasmi yote ya nchi tajiri mwaka huohuo ilikuwa kama bilioni 223. Na kwenye kila mia anayotuma mhamiaji, kwa wastani wa dunia kama dola 6 zinaliwa na makampuni ya kutuma, wakati serikali zote ziliweka lengo ifike chini ya 3 ikifika 2030.

Haya, la kugawana. Jarida la Forbes mwaka 2025 lilihesabu mabilionea 3,028 wenye jumla ya dola trilioni 16.1. Gawanya kwa watu bilioni 8.2 unapata kama dola 1,960 kwa kila mtu, mara moja tu, mwakani hakuna tena. Kwa familia ya watu watano inayoishi chini ya mstari hiyo ni karibu dola 10,000, si hela ya kuidharau hata kidogo, ingebadilisha maisha ya wengi. Ila haipatikani hivyo, kwa sababu hizo trilioni si noti zilizolala kwenye kasha, nyingi ni hisa za makampuni, na siku ukitangaza unaziuza zote kwa mpigo nani atanunua na kwa bei gani? Zingeporomoka mikononi mwako kabla hujafika kwa mtu wa kumi. Kwa hiyo jibu fupi ni hapana, umaskini usingeisha, kwa sababu unachohitaji ni kitu kinachoingia kila mwaka.

Na hicho kipo mezani. Mchumi Gabriel Zucman alipoombwa na Brazil wakati ikiongoza G20, lile kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mwaka 2024, alipendekeza kila bilionea duniani alipe angalau asilimia 2 ya utajiri wake kwa mwaka, asilimia mbili tu, ambayo wengi wao wanaipata na kuizidi kwa ukuaji wa kawaida wa hisa zao. Makadirio yake ni dola bilioni 200 mpaka 250 kila mwaka kutoka kwa watu kama 3,000. Linganisha na ile bilioni 223 ya misaada ya dunia nzima niliyokutajia. Kwa mi navyoona hiyo ndo namba ya kubishania, na ile ya kugawana trilioni 16 tuiache.

Watakwambia haiwezekani, watahamisha pesa. Hoja ya kweli hiyo, siipuuzi. Ila hata usiri wa benki za Uswisi, uliowekwa kwenye sheria tangu 1934, watu walikuwa wanasema hautavunjika, na kuanzia 2017 nchi zaidi ya 100 zinapeana taarifa za akaunti moja kwa moja, ukwepaji kwa njia ya kuficha akaunti nje umeshuka mara tatu hivi. Na 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana makampuni makubwa yalipe kodi isiyopungua asilimia 15, mapengo yamejaa humo, na Marekani mwaka 2025 ikasema haihusiki nayo, lakini miaka kumi nyuma ungelitaja wangekucheka. Ufaransa bunge lilipitisha kodi ya aina ya Zucman Februari 2025, seneti ikaikataa Juni.

Kinachokwama zaidi kwa sasa ni kujua nani anamiliki nini. Akaunti ya benki inaonekana, lakini jumba lililonunuliwa na kampuni inayomilikiwa na kampuni inayomilikiwa na mfuko ulioko kisiwani, jina la mtu halisi halionekani popote. Zile nyaraka za Panama zilizovuja 2016, milioni 11.5 kutoka ofisi moja tu ya mawakili, zilionyesha mtambo huo kwa ndani. Ulaya wakaanza kuweka daftari la wamiliki halisi wa makampuni ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua, ila Novemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema kuliacha wazi kwa kila mtu ni kuingilia faragha, na nchi kama Luxembourg na Uholanzi zikalifunga palepale. Kwa hiyo ile asilimia 76 niliyokupa ni makadirio, na wanaoitafiti wanasema wazi kwamba mali iliyofichwa ndo ngumu kuliko zote kuihesabu, maana yake ukikuta namba yoyote ya pengo la mali kwenye ripoti ichukulie kama kiwango cha chini.